Mmea Uliokaa Eda

Edinburgh, 12 Oktoba 1958

Dada yangu Salme,

Shikamoo, na salamu zangu zimfikie shemeji Barakat. Huyu anayekukabidhi barua hii ni Ishaka wa Mikindani, baharia. Kifurushi alichokibeba usikifungue mbele ya Shangazi Kuluthum, maana ataanza kusoma dua kabla hajaona kilichomo.

Mna mmea. Majani yake hayafanani na majani uliyozoea; kila moja limejikunja likawa kikombe kinene chenye mishipa myekundu, kimelala chini, mdomo wazi, kikingoja mvua. Nzi huvutwa na utamu ulio ukingoni. Akishaingia, vinywele vinavyoelekea chini humzuia asipande tena, akazama majini, na mmea ukamyeyusha ukamla. Asili yake ni Amerika ya kaskazini, nako huota kwenye mabwawa ya matope meusi ambayo ardhi yake haina chakula, ndiyo maana umejifunza kuwinda.

Uupande katika hii kuvumwani, yaani majani laini ya bwawani, niliyoufungia. Uweke juani, na chini ya chungu pawe na sahani ya maji daima. Maji yawe ya mvua tu. Visima vya Kisauni vina chumvi, vitauua. Usiutie mbolea ya aina yoyote.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo penye shabaha yangu. Vitabu vyote ninavyosomeshwa vinasema kwamba mmea huu hauwezi kuishi bila majira ya baridi. Siku zikifupika hulala. Vikombe hukauka, na kwa miezi mitatu au minne haukui wala haulishwi, umepoa kama maiti. Ukinyimwa usingizi huo, wanasema, hujichosha ukafa. Nalisoma neno hilo, hauwezi, na najiuliza nimelisikia wapi. Nimelisikia kwa kila gavana aliyesema kwamba watu fulani hawawezi kujitawala. Aliyezaliwa kwenye theluji hudhani theluji ni sheria ya ulimwengu. Mimi nasema ni mazoea tu, na mazoea huvunjwa.

Kwa hiyo nimemwahidi mwalimu wangu kwamba tasnifu yangu ya mwisho itamwonyesha mmea ulioishi Kisauni bila kulala hata mara moja. Tasnifu hiyo ndiyo itakayoamua kama nitabakizwa hapa kufanya utafiti. Usiupe baridi, Dada. Hata kivuli cha mtungi usiupe.

Mdogo wako,
Hamoud Faraj

*

Kisauni, 20 Februari 1959

Ndugu yangu Hamoud,

Marahaba. Mgeni wako amefika mzima. Ishaka alimbeba tangu bandarini akiwa amemshika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba paka asiye wake.

Nimemweka kwenye ukuta wa uani, nami huteka maji ya mvua kwenye birika la sakafuni. Anakula. Jumapili nilichungulia kikombe kimoja nikakuta nzi wamejaa hata siungi mkono tena habari za wanaosema Kisauni hakuna neema. Barakat huja kumwamkia akitoka kazini Changamwe. Husema, "Mheshimiwa, leo umehukumu wangapi?" kisha huingia kula.

Baba ameuliza kama serikali yakupa pesa ya masomo ili uchunguze nzi. Nimemwambia ndiyo. Amesema heri hivyo kuliko siasa.

Shangazi amekuja kutoka Likoni akauona. Hakusoma dua. Amesema wanuka utamu kama kikuba cha asumini cha bibi arusi na haufai kukaa nyumba yenye wasichana.

Vikombe vipya hutoka kila mara. Hadi sasa haujaonyesha dalili ya kutaka kulala.

Dada yako,
Salme

*

Kisauni, 9 Machi 1960

Ndugu yangu Hamoud,

Nimengoja nione kama hali itabadilika, nayo haikubadilika, basi nakuandikia. Mmea wako umedhoofu. Mwaka wa kwanza vikombe vilikuwa vinene kama ngumi ya mtoto. Sasa vinavyotoka ni vidogo, vyembamba, vingine havifunguki midomo. Vingine si vikombe tena, ni majani bapa tu. Hauachi kuota, na kila unachokiotesha ni kidogo kuliko cha kabla. Nikiutazama naona kama mtu aliyeamriwa asikae kitako.

Maji ni ya mvua, nakuapia. Jua lapata la kutosha. Barakat amesema labda ungepelekwa kwenye sanduku la barafu la Shangazi, lile la soda, upumzike kidogo. Nimemkumbusha ulivyosema. Amejibu kwamba yeye si mtaalamu, ila hata punda wa Mkomani hupewa Ijumaa yake.

Niambie la kufanya.

Salme

*

Edinburgh, 2 Aprili 1960

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, na nakuomba uisome yangu mara mbili kabla ya kumsomea shemeji.

Usiuweke barafuni. Ukiuweka barafuni hata juma moja, miaka miwili ya kazi yangu imekwenda na maji. Huu udhaifu unaouona si ushahidi wa kushindwa. Ni uchungu wa kiumbe kinachovua tabia ya kale. Nani aliyevua minyororo bila kuchubuka? Chunguza maji. Chunguza kama paa linalokinga mvua lina kutu. Chunguza kama kuna mkono unaoutia mbolea kwa huruma. Kisha chunguza nia yako mwenyewe, Dada, maana naona katika maneno yako, na hasa katika mzaha wa mumeo kuhusu punda, ile hali ya watu wetu ya kukubali kushindwa kabla ya mapambano. Leo wapo wazee wa Mwambao wanaolilia bendera ya zamani wakiambiana kwamba Pwani haiwezi kusimama na wenzake wa bara. Hauwezi, haiwezi, hatuwezi. Nimechoka na kitenzi hicho.

Nimekwisha kuutaja mmea wetu mbele ya wenzangu wa chama cha wanafunzi. Wanauita Mmea wa Kisauni. Wanauliza habari zake kila mkutano. Usiniangushe.

Hamoud

*

Likoni, 3 Novemba 1960

Mwanangu Salme,

Nimefika salama, feri haikuwa na watu. Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu ili mwenye kuileta barua asisome, kwani yeye kasoma skuli tu.

Kwanza, subira. Barakat ametangulia, na sisi tuko njiani. Najua kwamba hayo umeambiwa na watu wote waliokuja matangani, nami sina jipya la kukuongezea. Kula. Usipokula nitavuka tena nikulishe kwa mkono.

Pili, Baba yako amekata shauri kwamba Hamoud asiandikiwe habari ya msiba mpaka amalize mtihani wa Juni. Amesema mtoto akipata habari atapanda meli, na akipanda meli masomo yamekwisha. Mimi nilisema si vizuri. Nikaambiwa nyamaza. Basi nimenyamaza, wajua nisivyopenda.

Tatu, lile birika lake la nzi. Ulipoingia eda niliondoa uani kila chenye harufu na kila chenye pambo. Asumini nimempa jirani, mkadi nimeukata. Yule mla nzi ananuka utamu na ana rangi, hawezi kubaki mbele ya mwanamke aliyevaa nyeupe. Kuutupa sikuweza, ni amana ya mtoto. Basi nimeufanyia kama tunavyofanya asumini za harusi zisinyauke: nimeuchomoa chunguni, nimekata yaliyokauka, nimeufunga kitambaa kibichi pamoja na ule uchafu wake wa majimaji, nikauweka ndani ya sanduku la barafu, chini ya soda. Tsuma wa barafu huleta bonge jipya kila siku na nimemwonya asiuguse. Utakaa humo miezi minne na siku kumi, kama wewe. Ukitoka nao utatoka.

Mmea wenyewe ulikuwa umebaki kama ufagio, wallahi. Kuukata si hasara.

Shangazi yako,
Kuluthum

*

Likoni, 15 Desemba 1960

Kwa Hamoud,

Nimeona barua zako tatu kwa dada yako, za kuuliza kwa nini hakujibu. Nakujibu mimi. Salme ni mzima wa mwili. Haandiki kwa kuwa ana shughuli za nyumbani. Hatoki. Wageni haonani nao ila wa kike na jamaa wa karibu. Usimuudhi kwa barua za mmea. Mmea upo.

Soma. Vaa soksi mbili. Usile nyama usiyoijua.

Shangazi Kuluthum

*

Edinburgh, 4 Januari 1961

Kwa Bwana Barakat, Kisauni

Shemeji,

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa kuwa njia nyingine zimefungwa, na naamini wewe ndiye uliyezifunga.

Dada yangu alikuwa akiniandikia. Sasa haandiki. Naambiwa hatoki, naambiwa wageni haonani nao. Naambiwa hayo kwa sauti ya mtu anayeficha neno. Nayaweka mezani pamoja, nayasoma kama mtu anavyosoma ushahidi, nalo jibu ni moja: umemfungia ndani mwanamke aliyesoma, aliyefundisha watoto wa Ziwa la Ng'ombe kuandika majina yao, ili akae kukutengea chakula.

Nilikuheshimu. Nilidhani mizaha yako ni dalili ya moyo mkunjufu. Sasa naona ilikuwa pazia. Je, wewe unayekwenda Changamwe kila asubuhi kulalamika juu ya bwana wako wa Kizungu, unaporudi jioni unakuwa nani? Uhuru hauishii kizingitini. Utakuja kuulizwa, si na mimi peke yangu. Utaulizwa na wakati.

Nataka majibu yako kwa mkono wako. Ukinyamaza, kunyamaza kwako kutakuwa ndilo jibu.

Hamoud Faraj

*

Kisauni, 18 Aprili 1961

Ndugu yangu Hamoud,

Barua zako zote nimezipata, na ile uliyomwandikia Barakat pia. Nimeifungua mimi. Nitaijibu baada ya mtihani wako, maana ina jibu refu, na Baba nimempa ahadi.

La mmea naweza kukuandikia sasa. Nimeupanda upya mwanzoni mwa Machi. Ulikaa kimya siku chache, kisha ukasukuma kikonyo kirefu bila kikombe. Juzi kikonyo kimeinama kichwa, kikafungua ua. Sijaona ua la namna hiyo. Jekundu lililokoza, limetazama ardhi, na ndani yake pana kitu kama mwavuli uliogeuzwa. Nimelitazama sana. Vikombe vipya vinafuata nyuma yake, vinene kama vya mwaka wa kwanza.

Mengine nitakueleza wakati wake. Soma, ufaulu.

Salme

*

Edinburgh, 10 Mei 1961

Dada yangu, mwanamke wa kwanza kuwaaibisha wataalamu wa dunia,

Shikamoo. Ua. Umeliandika neno hilo kama mtu anayetaja bei ya unga, hujui umetia moto ghala la baruti.

Nimeimaliza tasnifu yangu kwa ua hilo. Nimeandika kwamba mmea umeishi Kisauni tangu Novemba 1958 hadi leo, kwamba haukuonja baridi hata siku moja, kwamba ulipitia udhaifu ukaushinda, na kwamba mwishowe umechanua. Mwalimu wangu alizisoma kurasa hizo mbele yangu. Ni mzee mkimya, asiyeinua sauti hata mvua ikimnyeshea. Alifika kwenye ua, akavua miwani, akaniuliza neno moja tu: "Nani aliyeuweka baridini?" Maana wao wanaamini kwamba chipukizi la ua haliamki mpaka lilalishwe kwanza. Nikamjibu, "Hakuna." Akaniuliza kama ninasema hivyo kwa dhamana yangu. Nikasema kwa dhamana yangu. Akaandika dhamana hiyo pembeni, na sasa jopo la walimu litanihoji tarehe kumi na moja Julai. Nikifaulu mbele yao, nafasi ya utafiti ni yangu.

Jumamosi iliyopita nilihutubia chama chetu. Ukumbi ulijaa, watu wa Afrika Mashariki, wa Ghana, hata Waskoti wachache. Nikawaambia: "Walisema hauwezi kuishi bila baridi yao. Umeishi. Walisema hauwezi kuchanua bila usingizi wao. Umechanua. Basi na atuambie leo mtu yeyote kwamba sisi tunahitaji miaka kumi zaidi ya kulala chini ya ulinzi!" Walisimama, Dada. Hotuba imechapwa katika gazeti letu, nakuletea nakala.

Mumeo hajanijibu. Nimeyapokea majibu yake.

Hamoud

*

Kisauni, 16 Juni 1961

Ndugu yangu Hamoud,

Mtihani umekwisha, ahadi yangu kwa Baba imekwisha. Keti kwanza.

Barakat amefariki. Ni tangu tarehe ishirini Oktoba mwaka jana. Barua uliyomwandikia Januari ilimkuta kaburini, nami ikanikuta edani. Niliisoma nikiwa nimevaa nyeupe, mlangoni amekaa Shangazi akichambua mchele. Akaniuliza, "Yuasemaje?" Nikamwambia yuatusalimu.

Hakuna aliyenifungia. Nilikaa eda ya mume wangu, miezi minne na siku kumi, kama ilivyokaliwa na mama yetu na kila mwanamke wa nyumba hii. Sikukaa kwa kuogopa mtu. Watu walinipunguzia maneno, kazi, macho, na kupambwa. Asubuhi sikutakiwa nifanane na mtu yeyote. Nilihitaji hivyo, na neno hilo nalitumia kwa kukusudia.

Mmea wako haungeweza kubaki uani, kwa harufu yake na rangi yake. Shangazi aliuchukua Likoni, akauhifadhi kwenye sanduku la barafu kama anavyohifadhi asumini za harusi, chini ya soda, muda wote wa eda. Yeye hajui lolote la tasnifu yako. Nilipotoka eda akauleta, mweusi, mfupi, kama kipande cha kuni kilichozimwa. Nikaupanda. Yaliyofuata nimekwisha kukuandikia.

Nilipokuandikia habari ya ua sikufahamu kwamba ua peke yake lingetosha kuwa ushahidi. Nilitaka tu kukupa habari moja njema isiyohitaji uongo. Ya barafu nisingeweza kuitaja bila kutaja ya Barakat.

Sasa wajua. Mwalimu wako alikuuliza swali lake vizuri.

Salme

*

Edinburgh, 26 Juni 1961

Dada yangu Salme,

Shikamoo. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji Barakat, amfanyie wepesi, na akupe wewe subira. Barua yangu ya Januari ichome. Baba hakutenda haki kunificha, nami nitamwambia nitakapomwona.

Nina siku chache, basi niruhusu niwe wazi. Wanaojua kwamba nimetoa dhamana mbele ya mwalimu wangu ni wengi. Hotuba imenukuliwa na chama cha London, inasomwa Nairobi. Wapo wanaotamani kuniona nimeanguka, na nikianguka hawataniangukia mimi peke yangu. Watasema: mnaona, hata mmea wao ulihitaji baridi yetu. Nimelifikiria jambo hili kila upande. Lile sanduku la Shangazi si majira ya baridi. Ni sanduku la soda. Kiasi cha ubaridi wake hakikupimwa na mtu. Mwanasayansi anaweza kusema kwa haki kwamba jambo lisilopimwa halimo katika majaribio, na kwamba halilazimu kutajwa. Nimeangalia pia mpangilio wa tasnifu. Sura ya nne inaweza kusomwa bila kugusa miezi ya Oktoba hadi Februari. Mmea haukuangaliwa, basi. Ndivyo ninavyoweza kusema: haukuangaliwa.

Wanaojua habari ya barafu ni wewe, Shangazi, na huyo Tsuma. Nakuomba ibaki hapo. Baada ya tarehe kumi na moja nitakuwa na nafasi ya kulipa kila kitu kwa njia nyingine.

Hamoud

*

Kisauni, 3 Julai 1961

Ndugu yangu,

Taazia yako nimeipokea. Barakat umempa mistari michache, barafu umeipa ukurasa.

Sitamwandikia mwalimu wako. Sina anwani yake na sina haja naye. Shangazi naye hatasema. Hajui kama kuna la kusemwa. Kwa hiyo ukitaka kunyamaza, hakuna wa kukuzuia.

Lakini usiniombe mimi nikusaidie kusema kwamba miezi ile haikuangaliwa, kana kwamba haikuwako. Nilikuwa ndani yake. Mmea wako ulilala kwa sababu mume wangu alikufa. Ukiifuta barafu, umemfuta na yeye, na eda yangu umeigeuza kuwa ukurasa usiosomwa. Yeye hakuwa na mtoto wala kitabu. Ana miezi hiyo tu ambayo watu walisimamisha mambo kwa ajili yake.

Kuna jingine silielewi, nawe umesoma, unifahamishe. Wasema wakijua mmea ulipumzika watasema sisi twahitaji kutawaliwa. Mimi nimepumzika miezi minne, na nilipotoka hakuna aliyenitawala.

Salme

*

Edinburgh, 14 Julai 1961

Dada yangu Salme,

Shikamoo.

Nimewaambia. Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe kumi, nikaisoma nikiwa nimesimama. Usiku sikuandika hotuba.

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Kabla hawajaniuliza nikasema kwamba sura ya nne ni kosa, kwamba dhamana niliyompa mwalimu wangu haikuwa na msingi, na kwamba nilipojua haina msingi nilikaa majuma mawili nikitafuta namna ya kuilinda. Nikawaeleza sanduku la barafu. Mmoja akataka kujua ni nani aliyeweka muda wa majaribio hayo, kwa kuwa muda huo ni sahihi kabisa kwa mmea huu, na kwa nini ni miezi minne na siku kumi, si minne kamili. Nikamwambia ni eda. Akauliza eda ni nini. Nikamweleza. Nilidhani nitaieleza kama nilivyozoea kueleza mila zetu mbele yao, kwa hasira ya kujihami. Nilieleza tu, jinsi ilivyo. Mwingine akauliza kwa utani kama mmea nao ulikuwa mjane. Wenzake hawakucheka, naye akaona haya.

Mwalimu wangu aliniomba nimtajie jina la marehemu. Akaliandika alikokuwa ameandika dhamana yangu, akaifuta dhamana, jina akaliacha.

Shahada nimeipata, ya daraja la chini. Nafasi ya utafiti amepewa mwingine, naye anastahili.

Jana nilirudi ukumbi ule ule wa chama. Mhariri wetu alinisihi niache. Alisema umma hausomi botania na hotuba nzuri isirudiwe. Nikasimama hata hivyo. Nikawaambia: "Nilikuja hapa nikasema mmea wetu hauhitaji kulala. Unahitaji. Ulilala Likoni, chini ya chupa za soda, kwa mkono wa shangazi yangu na kwa sheria ya nyumba yetu, na hakuna gavana aliyeagiza. Tuache kujisifu kwamba hatuchoki. Anayehitaji kupumzika hajaomba bwana." Hawakusimama safari hii. Wengine walitoka. Mwanafunzi mmoja kutoka Kisumu alikuja baadaye akanishika mkono, akaniambia babu yake alikufa Machi naye hajamwambia mtu yeyote mjini hapa.

Nimeagiza tiketi ya meli ya Septemba.

Dada, nimezisoma tena barua zangu zote ulizonirudishia pamoja na barua yako ya mwisho, zimekunjwa ndani ya nakala ya hotuba. Nimemwandikia Barakat, nimeandika juu ya Barakat, nimemtuhumu, nimemwombea rehema, nimetaja jina lake mbele ya watu watano. Katika yote hayo sijauliza. Alikufaje?

Mdogo wako,
Hamoud

*

Kisauni, 30 Julai 1961

Ndugu yangu Hamoud,

Marahaba. Umeuliza, nakujibu.

Mvua za vuli zilianza mapema mwaka ule. Alirudi kutoka Changamwe amelowa hadi mifukoni, akasema ni mafua. Nilimchemshia tangawizi akanywa akilalamika kwamba nimetia sukari kama ya mgonjwa. Siku iliyofuata kifua kikambana. Daktari alisema ni homa ya mapafu, akampiga sindano, akasema tungoje. Hatukungoja sana.

Akili yake ilikuwa timamu mpaka karibu ya mwisho. Aliniuliza wewe u mwaka wa ngapi. Nikamwambia waingia wa mwisho. Akasema, "Huyo akirudi mimi nahamia Likoni kwa Shangazi. Hapa atatuhutubia hata tukiwa na tonge kinywani." Nikacheka. Yeye akataka kucheka, kikohozi kikamkatiza, akanipungia mkono kwamba nicheke kwa ajili yetu sote. Alfajiri akaondoka. Wamemzika Kisauni, karibu na babu. Ukija Baba atakupeleka.

Barua yako nimemsomea Baba. Daraja la chini halikumshughulisha. Nilipofika pale ulipouliza alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, akasema, "Basi mtoto amekwisha pata habari, sasa atalia."

Usilie huko peke yako. Ngoja uje ulie hapa. Hapa pana watu.

Dada yako,
Salme